Hesabu Viti Kwanza: Namna ya Kuonyesha Filamu Yako Nakuru na Pesa Ikarudi

Kabla hujachapisha bango hata moja, nenda ukumbini ukahesabu viti. Usimwulize mwenye ukumbi. Atakwambia mia tatu, na wala hakudanganyi. Mia tatu ni idadi iliyomkaa kichwani tangu harusi fulani ambayo watu walikaa hadi madirishani. Hesabu mwenyewe, safu kwa safu, na kila kiti unachokishuku kikalie. Mimi niliwahi kukodi ukumbi wa "watu mia tatu" mjini Nakuru bila kufanya hivyo. Siku yenyewe nikakuta viti 184 vya plastiki, kumi na kimoja vimepasuka mgongo, na safu mbili za mbele zimebanana na kitambaa cha kuonyeshea hivi kwamba anayekaa hapo anaona pua ya mhusika lakini uso hauoni. Vya kuuza havikuzidi 150. Nami nilikuwa nimekwisha kuwaahidi waigizaji pesa za watu mia tatu.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyemaliza filamu, iwe uliipiga kwa simu kule Kaptembwa au kwa kamera ya kukodi kutoka Nairobi, na sasa unataka watu wa Nakuru, Naivasha, Njoro na Molo watoe pesa mfukoni waitazame. Kutengeneza filamu kuna walimu wengi. Mambo ya mlangoni hayana mwalimu, na huko ndiko pesa inakoingilia, na ndiko inakotorokea.

Tiketi 58 za kwanza si zako

Tuanze na mfano mkubwa wa hapa hapa kwetu. Mwaka 2002 watu wa Hollywood walifika Hell's Gate, Naivasha, wakapiga sehemu ya filamu ya Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life, Angelina Jolie akiwa nyota wake. Ilitoka mwaka 2003. Iligharimu takriban dola milioni 95, na tiketi zilizouzwa duniani kote zikapita dola milioni 150. Mtu wa haraka atatoa hii kwa ile na kusema faida ilizidi milioni 50. Sivyo. Kwa kawaida kumbi za sinema hubaki na karibu nusu ya bei ya kila tiketi, kwa hiyo wenye filamu walirudishiwa kiasi cha milioni 75 au zaidi kidogo, na hapo hatujagusa gharama ya matangazo. Studio ya Paramount ilisikitika, na filamu ya tatu ya Jolie katika mfululizo huo haikutengenezwa.

Kwa hiyo ukisoma gazetini kwamba filamu fulani "imeingiza" kiasi fulani, jua hicho ni kilichopita mlangoni, si kilichofika kwa mwenyewe.

Sasa shusha mizani hadi Nakuru. Bei hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme una viti 150 na tiketi ni shilingi 200. Ukumbi ukijaa pomoni ni shilingi 30,000. Lakini kwa onyesho la kwanza la mtu asiyejulikana usihesabu ukumbi kujaa, hesabu nusu: watu 75, shilingi 15,000. Kodi ya ukumbi 5,000. Projekta na spika 4,000. Mabango, mafuta ya jenereta na chai ya vijana wa mlangoni 2,500. Jumla ya gharama 11,500, unabaki na 3,500. Kama filamu yako ilikula shilingi 120,000, unahitaji maonyesho 35 ya namna hiyo ndipo urudishe pesa. Utazeeka.

Lakini tazama kinachotokea ukiuza tiketi 120 badala ya 75. Unapata 24,000, gharama ni zile zile, unabaki na 12,500. Maonyesho kumi tu na deni limeisha. Kwa onyesho moja kila mwezi, watu 45 zaidi wamegeuza miaka mitatu ya kuhangaika kuwa miezi kumi. Gawanya gharama ya siku kwa bei ya tiketi: 11,500 kwa 200 ni 57 na nusu. Tiketi 58 za kwanza ni za mwenye ukumbi, mwenye projekta na kituo cha mafuta. Ya 59 ndiyo yako. Andika namba hiyo kwenye karatasi uibandike ukutani, kwa sababu kila uamuzi utakaofuata, kuanzia siku ya onyesho hadi ukubwa wa bango, unauliza swali moja: je, utaniletea watu wa baada ya 58?

Mwenye ukumbi anaweza kukubali asilimia badala ya kodi. Akitaka arubaini kwa mia na wakaja watu 40 tu, utampa 3,200 na utakuwa umeokoa 1,800. Wakija 120 atachukua 9,600, karibu mara mbili ya kodi. Kwa hiyo mara ya kwanza omba asilimia, ukishajua unajaza omba kodi. Na muandikiane, hata kama ni binamu yako. Hasa kama ni binamu yako.

Wananchi wako wapi

Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, la nne Kenya, na sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 570,000 mjini. Namba hiyo imewalevya wengi. Watu laki tano si watazamaji laki tano. Wa Milimani ana televisheni ukubwa wa mlango na anataka sababu ya kuvaa viatu. Wa Bondeni, Rhonda au Langa Langa amelelewa na vibanda vya video, na masikio yake yamezoea sauti ya DJ Afro ikimfafanulia filamu ya Kichina kwa Kiswahili cha mtaani huku ukumbi mzima ukijibu. Huyo ukimwonyesha filamu ambayo kila mtu yuko kimya anatazama dirishani kwa dakika tano, atakusaidia kwa maneno yake mwenyewe.

Njoro kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton. Wanapenda filamu kuliko mtu yeyote, na hawana pesa kuliko mtu yeyote. Wauzie kwa 100 na uwajaze. Naivasha kuna wafanyakazi wa mashamba ya maua kandokando ya ziwa, pale Karagita na kwingineko, ambao mshahara ukiingia mwisho wa mwezi wana wikendi moja ya raha kabla ya duka la mkopo kuwakumbuka. Ukienda Naivasha tarehe 18 umeenda kutalii. Waliozoea jukwaa, na ambao watalipa 500 bila kuuliza, utawapata miongoni mwa wanaokwenda Nakuru Players Theatre.

Waulize pia wazee wa Bahati au Subukia habari za gari la sinema. Lilikuwa linafika kijijini jioni, kitambaa kinatundikwa uwanjani, watu wanakaa nyasini, na hakuna aliyelipa hata senti. Aliyelipa alikuwa mwenye sabuni na mwenye siagi, kwa sababu katikati ya vichekesho kulikuwa na tangazo la sabuni na siagi. Biashara hiyo haijafa, imekosa tu wa kuifanya. Nenda kwa mwenye saluni, mwenye agrovet, mwenye shule ya udereva, uwauzie sekunde thelathini kabla ya filamu kuanza, shilingi elfu moja kila mmoja. Wanne tu wakikubali, projekta imeshalipwa na namba yako ya ukutani imeshuka kutoka 58 hadi 38.

Saa na siku

Jua huku kwetu huzama kama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Ukiweka onyesho saa tisa alasiri kwenye ukumbi wenye madirisha ya vioo, utaonyesha kitambaa cheupe chenye vivuli. Nunua nailoni nyeusi, ile ya kufunikia vitalu, ubandike madirishani kuanzia asubuhi, na usisahau kidirisha kile cha juu ya mlango. Onyesho la usiku lianze saa kumi na mbili na nusu kamili na liishe kabla ya saa mbili na nusu. Hata filamu iwe tamu namna gani, mtu wa Lanet au Njoro akianza kuwaza matatu ya mwisho, ameshaondoka ingawa bado amekaa.

Kabla ya kuchagua Jumamosi, tazama ratiba ya ligi ya Uingereza. Arsenal na Manchester United wakikutana usiku, filamu yako haina mshindani mjini, ina mfalme. Januari iache ipite na karo zake. Jumamosi kumbuka Waadventista, Jumapili asubuhi kumbuka wengine wote.

Halafu kuna mvua, na hapa nitakaa kidogo. Ilikuwa Aprili, ukumbi wa paa la mabati bila dari, watu kama tisini. Tulifika mahali ambapo mama anamfichulia bintiye siri iliyobeba filamu nzima. Mama akafungua kinywa, na mbingu nayo ikafungua. Ukiwa chini ya mabati mvua ya Bonde la Ufa haisikiki kama mvua, inasikika kama lori la kokoto likimwaga. Niliongeza sauti hadi spika zikaanza kukwaruza. Bure. Midomo inatembea, watu wanatazamana. Mzee mmoja wa nyuma akasimama, akaanza kutufafanulia kwa sauti ya mnadani anachodhani mama anasema: "Anamwambia, baba yako si huyu, baba yako ni yule wa kinu cha posho!" Ukumbi ukaangua kicheko. Hakuna kinu cha posho kwenye filamu yangu. Lakini hakuna aliyeondoka, na baada ya mvua watu walifuatilia hadi mwisho wakimtafuta huyo baba wa kinu.

Kwa hiyo: kati ya Machi na Mei tafuta ukumbi wenye dari. Ukikosa, weka maandishi ya Kiswahili chini ya picha, makubwa, meupe yenye ukingo mweusi, yasomeke kutoka safu ya mwisho. Yatakufaa pia wahusika wako wakizungumza Kikuyu, Kikalenjin au Kiturkana, maana hapa Nakuru hakuna lugha ya mama inayojaza ukumbi peke yake.

Kuhusu vyombo nitakuwa mfupi. Ukumbi halisi wa sinema utakutaka faili la aina ya DCP, na kulitengeneza kunahitaji fundi na siku kadhaa. Ukumbi wa kanisa au wa kijamii unatosheka na MP4 kwenye laptopu. Sauti ichanganywe upya kwa spika mbili, kwa sababu ile uliyochanganya ukiwa na vipokea sauti masikioni itameza maneno ukumbini. Jaribu filamu yote siku moja kabla, katika ukumbi ule ule, kwa waya zile zile. Stima ikipotea, jenereta iwe imekwisha kujaribiwa na iko mbali na mlango. Jenereta iliyo chini ya dirisha ni mhusika wa ziada.

Cheti, muziki na mambo ya serikali

Filamu haionyeshwi hadharani Kenya kabla ya kuainishwa. Sheria ni ile ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, na wasimamizi ni Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB. Watakupa daraja: GE ya kijani kwa watu wote, PG ya buluu inayohitaji mwongozo wa mzazi, 16 ya manjano, au 18 nyekundu. Peleka kazi yako mapema, na daraja likishatoka lichapishe kwenye bango. Usilione kama muhuri tu. Daraja ni soko. Filamu ya 18 imekufungia onyesho la mchana la familia na imekufungia shule zote. Matusi matatu kwenye kisa cha baa yanaweza kukupotezea shule kumi, kwa hiyo kama hayabebi hadithi, kata.

Na shule ni pesa. Vikundi vya maigizo vimekuwa vikizunguka shule za sekondari miaka mingi vikiigiza vitabu teule vya mtihani. Shule inalipa kwa kila mwanafunzi, ukumbi ni wa shule, viti ni vya shule. Mwenye filamu safi yenye funzo la Kiswahili au historia anaweza kubisha hodi kwenye mlango huo huo.

Kuhusu bodi, utasikia watu wakitaja filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu. Ilipigwa marufuku Aprili 2018, kisha Septemba Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku saba tu, na watu wakapanga foleni Nairobi. Wengi hujifunza vibaya hapo, kwamba marufuku huuza. Marufuku humaliza mtaji. Wenye filamu ile walikuwa na mawakili na soko la ng'ambo, wewe una binamu mwenye ukumbi. La kujifunza ni hizo siku saba. Mtu akijua filamu itakuwepo hadi Jumapili tu, anakuja. Akijua itakuwepo "hadi tutakapotangaza", atakuja wiki ijayo, yaani haji. Kwa hiyo onyesha siku mbili, uondoke, urudi baada ya mwezi.

Muziki: kama umetumia wimbo wa mtu, pata ruhusa yake kwa maandishi. Na usithubutu kuuza tiketi za filamu ya mtu mwingine kwa sababu una akaunti ya Netflix. Akaunti ile ni ya sebuleni kwako.

Mlangoni

Chapisha tiketi zenye namba na kipande cha kukatwa. Kijana mmoja anauza, mwingine anachana, na hao wawili wasiwe marafiki. Andika namba ya tiketi ya kwanza kabla ya kufungua na ya mwisho baada ya kufunga. Tofauti yake ukiongeza moja na kuzidisha kwa bei lazima ilingane na pesa taslimu pamoja na zilizoingia kwenye tili ya M-Pesa. Tili iwe ya filamu, si namba ya simu ya kijana. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mlangoni hupotea kwa heshima kabisa: "huyu ni mjomba wa mwigizaji", "huyu alitusaidia kubeba spika". Wa bure wawepo, lakini wapewe tiketi ya rangi nyingine na wahesabiwe. Mara moja nilihesabu wajomba 31. Filamu ilikuwa na waigizaji tisa.

Faili la filamu libaki kwenye laptopu yako na uondoke nalo. Usiliache kwenye kompyuta ya ukumbi hata kwa dakika ya chai. Waulize watayarishaji wa River Road jijini Nairobi, wale wa Riverwood, jinsi kazi iliyochukua miezi ilivyonakiliwa na kuuzwa barabarani na watu ambao hawakununua hata betri ya kamera.

Kuita watu

Katika Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, filamu ya mwaka 2012, Mwas anaanza kama muuza DVD kijijini, na hauzi kwa kupanga DVD mezani. Anaigiza filamu yenyewe mbele ya wateja, milio ya bunduki na yote. Hakuna tangazo bora zaidi. Wapeleke waigizaji wako stendi ya matatu Ijumaa jioni waigize dakika mbili za kisa chenye ugomvi, wakatize pale pale utamu unapofika, wauze tiketi hapo hapo. Bango linakumbusha, halimshawishi mtu. Redio za lugha za mama zinasikilizwa kuliko unavyofikiri, na mtangazaji akiombwa vizuri na kupewa tiketi kumi za kugawia wasikilizaji atakutaja siku nzima. Vyama vya akina mama navyo vikichangamkia jambo hununua viti ishirini kwa mpigo, na hufika mapema.

Mtandaoni weka kionjo tu. Filamu nzima ikishakaa YouTube, hutamwuzia mtu tiketi tena hata ungempigia magoti, na malipo ya huko yanahesabika kwa maelfu ya watazamaji, si kwa makumi. Maliza kumbi kwanza: Nakuru, Naivasha, Njoro, Molo, Gilgil, hata Nyahururu ukipata mwenyeji.

Jumatatu baada ya onyesho, kabla ya kulala usingizi wa uchovu, kaa na daftari. Andika tarehe, ukumbi, viti vilivyokuwepo, tiketi zilizouzwa, wa bure, hali ya hewa, na mechi iliyokuwa usiku huo. Marekani hesabu ya mauzo ya filamu hutangazwa kila wikendi na yeyote anaweza kuisoma. Hapa kwetu hakuna atakayekuandikia. Daftari lako ndilo jedwali pekee la soko la filamu yako, na mwenye ukumbi wa pili akitaka kodi kubwa, ndilo utakalomfungulia. Kisha walipe waigizaji, hata kama ni mia tatu mia tatu, mmoja mmoja, kila mtu atie sahihi. Wale wa ukumbi wangu wa viti 184 niliwalipa kidogo kidogo kwa muda wa miezi saba, na wawili kati yao hadi leo wakiniona Kenyatta Avenue huvuka barabara.